Kinanda cha mtumba kutoka Dar: tunaaminianaje na mtu ambaye hatujawahi kumwona?

MamaMawese_Kigoma

Habari zenu wakuu, na wakubwa wote shikamooni.

Niko Mwanga, Kigoma mjini. Nauza mawese, na kanisani ni mweka hazina wa kwaya. Nina jambo linaninyima usingizi, naomba msaada wa wale mnaonunua na kuuza vyombo vya muziki kwa mtandao.

Mwaka jana tulitaka kubadilisha kinanda. Tulichanga miezi saba. Wapo waliotoa elfu kumi kumi, wapo waliotoa elfu mbili kila Jumapili, na bibi mmoja wa sauti ya pili alileta debe la mahindi tukaliuza. Tukampata muuzaji mtandaoni: picha safi, bei nzuri, maneno matamu. Akasema kuna mteja mwingine yuko njiani na hela mkononi, kwa hiyo nitume kianzio cha laki nne akiweke pembeni. Jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mwanamke. Nikamuuliza, akasema ni shemeji yake, laini yake yeye ina tatizo. Nikatuma. Saa moja baadaye simu haipatikani, na haijapatikana mpaka leo.

Ile jioni ya kuwaambia wanakwaya siisahau. Hakuna aliyenitukana. Mwalimu wa kwaya alisema tu, "Basi, tufanye mazoezi," tukaimba bila kinanda. Ingekuwa hela yangu ningeumia nikanyamaza, lakini ile ilikuwa hela ya watu. Nimeirudisha kidogo kidogo kutoka kwenye faida ya mawese, nimemaliza mwezi wa tatu.

Sasa tuna milioni moja na laki tisa. Kuna kaka yuko Dar anauza Yamaha PSR-S770. Nilipompigia, kabla sijauliza chochote akaniambia kuna kii moja ya upande wa juu inapiga kwa nguvu hata ukiigusa taratibu, na ubavuni pana mchubuko. Moyo ukatulia, kisha ukashtuka tena: isije ikawa huu ndio ujanja mpya?

Na kuna upande wa pili. Kinanda chetu cha zamani, PSR-E363, tunakiuza laki mbili na nusu. Wiki ya tatu sasa kiko mtandaoni. Watu wanauliza bei, wanapotea. Mmoja aliniandikia, "Mama, Kigoma ni mbali, nitajuaje kama wewe si tapeli?" Lilinichoma, maana ndilo swali ninalowauliza wengine.

Kwenye mawese najua la kufanya. Nina mteja Tabora, mama mmoja wa Isevya, mwaka wa nne huu hatujaonana uso kwa uso. Nampelekea madumu kwa treni, mzigo ukifika ananitumia hela. Hatukuanza hivyo. Dumu la kwanza alilipa nusu, nikamwambia alimimine lote mpaka tone la mwisho, kwa sababu mtu akichanganya maji yanakaa chini, juu utaona mawese mekundu mazuri tu. Alimimina, akanitumia picha ya ndani ya dumu tupu. Ndipo akaagiza mawili, kisha matano. Lakini kinanda hakina dumu la kwanza na la pili. Unanunua mara moja. Mtu akiwa mbali hivi, chini ya dumu anapaonaje?

---

FundiVinanda_Tabora

Dada, pole sana kwa laki nne, na hongera kwa kuirudisha.

Natengeneza vinanda, spika na amplifaya hapa Tabora. Nianze na hiyo kii inayopiga kwa nguvu, maana katika yote uliyoandika hiyo ndiyo iliyonipa moyo. Chini ya kila kii kuna kipande cha mpira chenye vidoa viwili vya kaboni. Ukibonyeza, kidoa kimoja kinagusa saketi kabla ya mwenzake, na kinanda kinapima muda uliopita kati ya mguso wa kwanza na wa pili. Muda ukiwa mfupi, kinaelewa umepiga kwa nguvu. Vumbi likikaa pale hesabu inaharibika: kii inapiga kelele hata ikiguswa na mtoto, au inanyamaza kabisa. Mara nyingi mimi nafungua, nasafisha kwa spiriti, narudisha. Mpira ukiwa umechakaa ndipo unabadilishwa. Sasa tapeli hakuambii hayo, kwa sababu hana kinanda, ana picha. Kasoro ndogo namna hiyo anaijua mtu aliyekaa na chombo.

Hata hivyo usitume hela kwa sababu hiyo peke yake. Mpigie kwa video mchana kweupe. Mwambie aandike kwenye karatasi jina la kwaya yenu na tarehe ya siku hiyo, aiweke juu ya kinanda kikiwa kimewaka. Azime midundo, apige kii zote 61 moja moja, kwanza taratibu kisha kwa nguvu, nawe usikilize umenyamaza. Azungushe zile gurudumu mbili za kushoto. Achomeke spika kwenye tundu zote mbili za nyuma huku akitikisa waya kidogo, ikikwaruza ujue tundu limelegea. Akigeuze, usome namba ya kiwandani iliyobandikwa chini, uiandike. Mwisho aoneshe maandishi ya adapta. S770 inatumia volti 16. Nimeletewa vinanda vilivyoungua kwa sababu mtu alichomeka adapta ya kompyuta mpakato ya volti 19, na mwenye nacho akaficha. Hicho chenu cha zamani ni volti 12, mkikiuza toeni na adapta yake, msimwachie mnunuzi abahatishe.

Muuzaji wa kweli atalalamika kidogo kuwa unamchosha, lakini atafanya. Mwingine atakuambia bando limeisha, kesho yuko safarini, na huku anakukumbusha yule mteja mwingine mwenye hela mkononi. Ukimsikia huyo mteja mwingine, kata simu.

Hata video ikienda vizuri, milioni moja na laki tisa hailipwi kwa video. Ninyi mna kitu ambacho mimi fundi sina. Mna kanisa. Mchungaji wenu ampigie mwenzake wa Dar, watafute mpiga kinanda wa huko aende kukiona, akipige nusu saa nzima kikiwa kimewaka, kwa sababu kuna tatizo linalojificha mpaka chombo kipate joto. Mpe nauli na ya chakula, usimtume kwa jina la Bwana tu. Aridhike, aandikishane na muuzaji: jina, namba ya kitambulisho, namba ya kiwandani, kasoro zilizotajwa, bei, na mashahidi. Wakiweza kupita kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa anakoishi muuzaji, wafanye hivyo. Anayeuza mali ya wizi hapendi kwenda mahali anapojulikana, na ukinunua ya wizi hata wewe polisi watakuuliza. Hela itoke pale pale, kinanda kikiwa kimeshashikwa na mtu wenu.

Kuhusu kuuza chenu: tangazo lenu linasemaje? Kama mmeandika "kiko vizuri sana, njoo na hela yako", hilo hata mimi nalipita.

---

Kasulu_Binti

Mama, mimi nina neno moja kuhusu yule "shemeji".

Miaka miwili nyuma nilipigiwa simu na watu wanaodai hela yao. Jina langu kamili lilikuwa limetokea kwenye simu zao walipotuma, na mimi wala sina habari. Nilikuja kukumbuka kwamba niliposajili laini kwa kijana wa mwavuli aliniambia alama ya kidole haijasoma, niweke tena, na tena. Nilipopiga *106# nikakuta laini mbili zaidi kwenye namba yangu ya NIDA. Nilikwenda kuzifuta, lakini kuna mama mmoja alishanilaani kwa sauti ambayo bado naisikia.

Kwa hiyo jina lisipofanana na la muuzaji, usitume. Na likifanana, usiseme basi yamekwisha, maana laini inaweza kuwa ya mtu asiyejua kitu. Yule mwanamke wako huenda yuko kama mimi. Ile namba iliyokutapeli ulishaipeleka 15040, kule kwa kuripoti matapeli? Tuma ujumbe wake huko hata kama muda umepita.

Nawe mwenyewe piga *106# leo.

---

Spika_Nzega

Fundi kamaliza ya wanunuzi. Mimi nauza, na sisi wauzaji nasi tunaliwa.

Niliuza spika mbili za inchi 15 kwa mtu aliyekuja na bajaji jioni, watu wengi dukani. Akanionesha simu yake, "nimetuma", na yangu ikaita: ujumbe umeingia, kiasi sawa, jina langu sawa. Akapakia akaondoka. Usiku nataka kutoa hela, salio ni lile lile la asubuhi. Kurudi kwenye ule ujumbe, umetoka kwenye namba ya kawaida ya mtu, tarakimu kumi. Haukutoka kwa mtandao wa simu.

Mama, siku ya kuuza chenu usisome ujumbe. Angalia salio lako kwa kupiga menyu mwenyewe, mnunuzi akiwa amesimama hapo. Na mwambie mapema kwamba utafanya hivyo, asione umemdharau.

---

MamaMawese_Kigoma

Mungu awabariki. Binti wa Kasulu, nimelia niliposoma. Ule mwezi wote mimi nami nilimlaani yule mwanamke kwa jina lake, jina la kwanza na la ukoo. Namba nimeipeleka 15040 leo asubuhi. *106# nimepiga, laini zangu ni zangu.

Nirudishe majibu. Juzi nilimpigia kaka wa Dar kwa video, mwalimu wa kwaya amekaa pembeni yangu na daftari. Akaandika karatasi, akaiweka. Akapiga zote 61, mwalimu anahesabu kwa kidole. Ya hamsini na nne ndiyo ile aliyoisema, inaruka kuliko wenzake. Hakuna nyingine. Tundu la kulia linakwaruza, hilo alikuwa hajalisema. Nikamwambia, "Kaka, na hili?" Akanyamaza kidogo, akasema yeye anapigia nyumbani kwa spika za kinanda chenyewe, hajawahi kuchomeka waya upande ule. Akapunguza elfu hamsini bila kuombwa. Mwalimu anamwamini. Mimi nimefika nusu ya njia, na nusu iliyobaki nimemwachia mpiga kinanda wa usharika mmoja wa huko, anakwenda Jumamosi saa nne. Nimemtumia nauli na elfu kumi na tano ya chakula. Muuzaji nilipomwambia atakuja mtu kukagua na kuandikishana, alisema afadhali, kwa sababu mara ya mwisho aliuza simu na mnunuzi akarudi baada ya mwezi akidai ilikuwa mbovu. Sikuwa nimewaza kwamba ile karatasi inamlinda na yeye.

Tangazo la zamani nimelifuta. Fundi ulibahatisha, tulikuwa tumeandika "kiko vizuri sana". Jipya tumepiga video dakika sita, hapa hapa sebuleni, kuku wanasikika nje. Nimeanza na ubovu: kii mbili za chini haziitiki, kibonyezo cha sauti kimefutika maandishi, kifuniko cha betri kimepotea tumeweka gundi ya karatasi. Kisha mwalimu kapiga wimbo mmoja mzima. Nimeandika jina langu lote, soko ninalouzia, na kwamba mtu wa Tabora anaweza kukikuta kwa fundi akakijaribu kabla ya kulipa, kama fundi utaridhia. Bei nimeshusha mpaka laki mbili na ishirini.

Jana jioni kaniandikia mwalimu mmoja wa shule ya msingi Urambo, anafundisha watoto kuimba. Hakuuliza kama mimi ni tapeli. Ameuliza zile kii mbili ni zipi hasa, kwa sababu nyimbo zake nyingi anazipigia katikati. Nimempigia video nikamwonesha kwa kidole. Anataka kuja Tabora mwisho wa mwezi mshahara ukitoka.

Fundi, naomba unijibu mawili. Nikikipandisha kwenye treni wiki hii utakipokea stesheni, na utanisafishia zile kii kwa bei gani? Kama ni mpira wa kubadilisha niambie kabla hujafungua, nimweleze mwalimu wa Urambo achague mwenyewe kama anakitaka kikiwa kimetengenezwa au akichukue hivyo hivyo kwa bei ya sasa. Nitakifunga kwa blanketi na boksi gumu, na nitaandika kwa kalamu nene pande zote mbili: KINANDA, KISILALIWE NA MADUMU.