Kiongozi akiondoka ofisini, akae miaka mingapi kabla ya kupigia debe makampuni?

Mleta mada: Wakuu, hii ya David Cameron bado inanikera. Kaacha uwaziri mkuu wa Uingereza Julai 2016. Kanuni zao zinamzuia waziri wa zamani kuishawishi serikali kwa miaka 2. Agosti 2018, huyo, yuko Greensill, kampuni ya fedha! 2020 anamtumia meseji Rishi Sunak, waziri wa fedha, akitaka kampuni iingizwe kwenye mpango wa mikopo ya Korona. Sunak alikataa, sawa. Ila uchunguzi ukasema Cameron hakuvunja kanuni za ushawishi. Sasa hiyo miaka 2 ya nini?

Jibu: Mkuu, shida si miaka. Sheria yao ya 2014 inamtaka ajiandikishe anayeshawishi kwa niaba ya wateja. Yeye alikuwa mwajiriwa, anaisemea kampuni yake. Kapita katikati ya matundu ya wavu.

Jibu: Kanada ni miaka 5, tangu 2008. Angalau hapo waziri unayemjua kashabadilishwa.

Jibu: Miaka 5 kwenye karatasi? Trump 2017 aliwasainisha wateule wake ahadi ya hiyo hiyo miaka 5. Januari 2021, akiwa anaondoka, akaifuta mwenyewe. Halafu tuwaonee huruma na wadogo, jamani. Mchumi wa wizara akiacha kazi ale nini?

Mleta mada: Mchumi sina ugomvi naye, aajiriwe hata kesho. Namsema mwenye namba ya simu ya waziri wa fedha.