Malindi baada ya Shakahola: tufungue kanisa jipya au tusifungue?

Mwenye mada, Maweni

Ndugu zangu, naleta jambo lililotugawa. Tuko watu kumi na wanane, kila Alhamisi jioni tunakutana katika sebule moja hapa Maweni. Tunasoma Maandiko mstari kwa mstari, tunaulizana, tunaombeana, tunakunywa chai na mahamri, kisha kila mtu kwake. Mchungaji hatuna. Wengi wetu tuna makanisa ya Jumapili, lakini huko mtu anaweza kukalia benchi moja miaka kumi asiulizwe hata mara moja: imani yako inaendeleaje? Sasa baadhi yetu wanataka tujisajili tuwe kanisa kamili. Wengine wanasema kutamka "kanisa jipya" Malindi hii ni kutonesha kidonda.

Mimi naunga mkono tufungue. Aprili 2023 miili ya wafuasi wa kanisa moja, wengi waliokufa kwa njaa, ilipoanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, mpaka hesabu ikapita 400, nilisikia watu wakisema waliokufa walikuwa wajinga. Naumia nikisikia hivyo. Walikuwa na kiu ya Mungu, kiu ileile niliyo nayo mimi. Kanisa lao, Good News International la mhubiri Paul Mackenzie, lilikuwa hapahapa mjini, Furunzi, majirani wakiliona. Lilifungwa 2019, na wafuasi wakaishia msituni, mbali na macho ya watu. Kesi iko mahakamani na yeye amekana mashtaka, hukumu naiachia mahakama. Ninalouliza ni hili: wenye kiu wasipopata mahali pa wazi pa kukua kiroho, watakwenda wapi?

Mzee wa kanisa, Kakuyuni

Mwanangu, nimekusoma vizuri. Mimi ni mama wa Kianglikana, nimebatizwa, nimeolewa na nimezika wazazi katika kanisa moja. Injili pwani hii si mgeni. Kanisa dogo la Wareno la paa la makuti liko hapo mjini, na mmisionari Francis Xavier alipita Malindi 1542 akielekea India. Mmisionari Krapf alitua Mombasa 1844, miaka miwili baadaye akawa Rabai, karibu na Mombasa. Hatukosi makanisa, tunakosa watu kama ninyi ndani yake. Ninyi kumi na wanane mkitoka, yule kijana aliye kando yenu benchini atalelewa na nani? Hiyo Alhamisi ipelekeni kanisani. Mwombeni kasisi chumba. Akikataa, rudini tena mwezi ujao mkaombe.

Jirani, Shela

Mimi ni Mwislamu. Kuabudu kwenu hakunidhuru, na Katiba ya 2010, ibara ya 32, inawalinda kama inavyonilinda mimi. Ombi langu ni dogo: mkipata kiwanja, msilete vipaza sauti vya mkesha saa nane za usiku. Na mtujulishe majirani kabla ya kujenga. Mtu akija kubisha hodi, hata mimi nitampa kiti.

Kaka mtu, Muyeye

Dada yangu hakufika Shakahola. Alikuwa katika kikundi kingine, jina silitaji. Kilianza hivyohivyo, sebuleni, na chai. Mwezi wa kwanza tulifurahi nyumbani, maana aliacha ugomvi. Kisha akaambiwa dawa za presha ni kukosa imani. Kisha mama yetu akawa "mtu wa dunia", asipikiwe wala asisalimiwe. Kisha akauza kiwanja chake. Hakuna siku moja ambayo ungesema, leo ndiyo imeharibika. Alirudi kwa sababu mama aliendelea kumpelekea chakula mlangoni, hata kilipokuwa hakipokelewi.

Kwa hiyo mimi napinga. Na nakuuliza wewe mwenye mada: katika hao kumi na wanane, nani anaweza kukwambia umekosea, na bado akakaribishwa Alhamisi ijayo?

Karani wa mawakili, mjini

Kusajili si kazi kubwa. Sheria ya Vyama inataka wanachama wasiopungua kumi, katiba na viongozi, na taarifa kwa Msajili wa Vyama kila mwaka. Lakini msidhani cheti ni kinga. Kanisa lile la Furunzi lilikuwa limesajiliwa. Serikali ilileta kanuni kali za makanisa 2016, viongozi wa dini wakazikataa, zikaondolewa. Baada ya Shakahola likaundwa jopokazi la kupitia sheria za mashirika ya dini, chini ya Mchungaji Mutava Musyimi. Hakuna afisa wa serikali atakayekaa sebuleni mwenu Alhamisi. Kinachowalinda ni mtakachoandika wenyewe katika katiba yenu: nani anashika sadaka, nani anakagua hesabu, na kiongozi anaondolewa vipi.

Mwenye mada, Maweni

Kaka wa Muyeye, swali lako limeninyima usingizi. Nilimtafuta aliyewahi kunipinga pale sebuleni. Yuko mmoja, na ameacha kuja tangu Februari. Sikumfuata kumuuliza kwa nini. Kesho naenda kwake.

Kufungua bado naunga mkono, ila si mwaka huu. Waberoya katika Matendo walisifiwa kwa kuyachunguza Maandiko kila siku waone kama anayosema Paulo ni kweli. Paulo mwenyewe alichunguzwa! Nitapendekeza tuandike kwanza: mafundisho yafanyike mlango ukiwa wazi, jamaa ya mtu aruhusiwe kuketi nasi wakati wowote, asitokee wa kumzuia mtu dawa, mtu asiambiwe auze mali yake kwa ajili ya huduma, na sadaka isomwe mbele ya wote kila mwezi. Na mama wa Kakuyuni, kasisi wangu nitamwomba chumba kabla ya kumuaga.

Mzee wa kanisa, Kakuyuni

Na watoto? Shakahola walizikwa watoto wengi. Mtoto wa mmoja wenu akikosa shule wiki nzima, nani kati yenu atakwenda kumuulizia?

Mwenye mada, Maweni

Hilo hatukuliandika, mama. Naliweka la kwanza.