Tupeane uzoefu: ulipopiga picha gorila katika hifadhi zetu za mashariki ya Kongo, Kahuzi au Virunga, nini kilikukuta?

Fundi Picha, Kadutu: Jana mteja ameleta picha za Kahuzi nimchapishie. Gorila wote wametoka doa jeusi, macho hayaonekani, na majani ya nyuma yanang'aa kama bati jipya. Chini ya mianzi kuna giza hata saa tano asubuhi, na manyoya yale yanameza mwanga wote. Waliokwisha kupanda, Tshivanga kwa Kahuzi au Bukima kwa Virunga, semeni.

Mama Neema, Ibanda: Mimi mvua. Lensi ikajaa ukungu ndani, nikabaki kutazama kwa macho.

Yule wa Nguba: Hata mimi. Mvua ya Kahuzi haibishi hodi.

Papa wa Miti: Mmenikumbusha. Tuliwakuta wanakula mianzi michanga, jike moja na mtoto mgongoni, dume amekaa pembeni ametupa mgongo. Mgeni mmoja tuliyekuwa naye hakuzima flashi, ingawa tuliambiwa wote kabla ya kuingia msituni. Ikawaka. Dume akaacha kutafuna. Hapo msitu wote ulinyamaza, ndugu zangu. Akasimama, akapiga kifua, akang'oa mti mchanga na kuutupa, kisha akaja mbio. Pisteri, yule mfuata nyayo anayetuongoza, akanishika bega akanikandamiza chini: "Usikimbie! Angalia chini!" Nimeinama, nasikia harufu yake, jasho kali limechanganyika na majani yaliyosagwa. Alisimama karibu hivi kwamba niliona vidole vyake: vinene, vyeusi, kucha ni za mtu kabisa. Pisteri anaguna taratibu ile sauti yao ya kumtuliza. Akageuka, akaenda kukaa mbele ya yule jike na mtoto. Alikuwa analinda watu wake. Picha ya dakika ile sina, na siitaki.

Mama Neema, Ibanda: Yesu! Papa, Mungu alikulinda.

Dada Furaha: Na yule wa flashi?

Papa wa Miti: Pisteri alimwambia afunge apareyi, yaani kamera, hadi tutoke. Hakubishana.

Kijana wa Himbi: Pole, Papa. Lakini kwa picha, njooni huku kwetu Virunga. Gorila wa mlimani wana manyoya marefu, yanapendeza.

Fundi Picha, Kadutu: Kijana, wa mlimani mnagawana na Rwanda na Uganda. Gorila wa Grauer, hawa wa Kahuzi, ndio wakubwa kuliko wote duniani, na hawapatikani nje ya Kongo.

Kijana wa Himbi: Ukubwa si kitu. Julai 2007 gorila kadhaa wa familia ya Rugendo waliuawa, na picha ya watu wamembeba dume Senkwekwe kwenye machela ya miti ilizunguka dunia nzima. Gorila yatima Ndakasi, aliyeokotwa mwaka huo huo akiwa bado mchanga, alifia Rumangabo, makao makuu ya Virunga, 2021 mikononi mwa André Bauma, mtu yule yule aliyemlea. Hiyo ndiyo Virunga.

Mjukuu wa Msitu, Kabare: Mnashindania gorila, na watu? Batwa, wenyeji wa msitu ule, walifukuzwa Kahuzi miaka ya 1970 bila fidia. Mwaka 2024 uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ulitangazwa: haki zao zilivunjwa. Babu yangu aliijua njia ya gorila kabla ya tiketi kuwepo.

Yule wa Nguba: Ndugu, hapa tunaongea picha.

Mjukuu wa Msitu, Kabare: Na mimi naongea picha. Kati ya hao mapisteri wanaowafikisha, wamo Batwa. Mnawapiga picha bila kuwauliza, kisha picha zinazunguka na majina yao hayamo.

Papa wa Miti: Ana haki. Aliyeniokoa mimi alikuwa Mutwa.

Muuguzi, Katindo: Ukiwa na mafua, baki nyumbani, hata kama umekwisha lipa. Magonjwa yetu ya kifua yanawaua. Barakoa usoni, saa 1 tu, na umbali: mita 7 za zamani, lakini tangu korona wataalamu wanataka 10. Anayekusukuma usogee kwa ajili ya picha hakupendi wewe wala gorila.

Dada Furaha: Je, wakikusogelea wenyewe?

Muuguzi, Katindo: Rudi nyuma polepole. Usimguse mtoto, hata akikuvuta suruali.

Kijana wa Himbi: Fundi, kwa lile doa jeusi: ongeza mwanga, macho yatatokea.

Fundi Picha, Kadutu: Mbingu ikiwa nyuma yake, ndiyo. Akiwa amejaa fremu nzima, punguza, maana apareyi inadanganywa na weusi na manyoya yanatoka kijivu.

Kijana wa Himbi: Mimi naongeza siku zote.

Yule wa Nguba: Ndiyo maana gorila wako wote wana mvi.

Mama Neema, Ibanda: Na lensi je? Ile kubwa nilibeba mlima mzima, sikuitoa.

Fundi Picha, Kadutu: Mama, lensi ya milimita 70-200 inatosha. Ielekeze kwenye jicho, si kwenye jani lililo mbele yake, na ubebe mfuko wa plastiki. Hiyo ya ukungu niletee Kadutu, lakini usiiwashe kabla sijaifungua.