Naomba ushauri: OpenCV imesakinishwa lakini haiingii

Habari zenu wakuu. Nipo Masasi, Mtwara. Kuna kikundi cha akina mama hapa wanabangua korosho, na nawaandikia programu ya Python ya kusoma picha na kutenganisha punje nzima na vipande. Kazi hiyo sasa hufanywa kwa macho hadi usiku, na bei ya nzima na ya kipande ni mbali kabisa, kwa hiyo natamani sana ikamilike.

Kwenye laptopu yangu inafanya kazi. Kwenye kompyuta ya kikundi, pip (kisakinishi cha Python) inasema OpenCV, maktaba ya kuchakata picha, imesakinishwa, ila nikiandika import cv2 (cv2 ndilo jina la OpenCV ndani ya Python) napata kosa kwamba DLL, yaani faili la msimbo ambalo programu za Windows hulitegemea, imeshindwa kupakiwa, moduli haikupatikana. NumPy, maktaba ya hesabu ambayo OpenCV huitegemea, yenyewe inaingia bila shida.

Python ni ya biti 64, na faili nililobeba kwa flashi lina cp37-abi3 (Python 3.7 na kuendelea) na win_amd64 (Windows ya biti 64) kwenye jina, kwa hiyo toleo sidhani kama ndilo tatizo. Nimesakinisha kwa python -m pip ili isiende kwenye Python nyingine. Hakuna faili langu linaloitwa cv2.py.

Ninachoshuku: Windows yao ni toleo la N, ambalo huja bila vifurushi vya midia, na OpenCV inavihitaji. Au inakosa Visual C++ Redistributable, yaani faili za Microsoft zinazohitajika na programu zilizoandikwa kwa C++. Kwa bando la huku, nianze na kipi? Na kuna njia ya kujua ni DLL ipi hasa inayokosekana kabla sijapakua chochote?