Wauza piesi wa Lubumbashi, jaribuni pampu mbele yetu au turudishieni pesa zetu

Ukienda kununua ampuli (balbu) kwenye kibanda chochote cha soko la Kenya, mtaa wetu wa hapa Lubumbashi, mwenye kibanda anaifunga mbele ya macho yako, inawaka, ndipo unatoa pesa. Ampuli ya faranga chache! Lakini pampu ya esanse (petroli) ya dola 65 unapewa ndani ya sanduku, unaambiwa lipa uende, na ukirudi nayo hakuna anayekujua. Nataka yeyote anayeuza piesi (vipuri) za umeme za magari katika mji huu anieleze kwa nini iko hivyo. Nimekasirika, na sitaandika kwa mafumbo.

Gari yangu ni pikapu ya Toyota ya mwaka 1991, usukani kushoto, iliyoletwa kutoka Marekani. Kule hawakuiita hata Hilux, waliiuza kama Toyota Pickup tu. Enjini ni 22R-E. Hilux nyingi za zamani za esanse tulizozizoea huku zina 22R bila hiyo E, yaani za kabureta. Pampu ya 22R ya kabureta ni ya kimakanika, imefungwa kwenye enjini yenyewe, inasukumwa na kamshafti, na presha yake ni ndogo, haifiki hata 0.5 kwa kipimo cha bar. Yangu ni ya enjekta, yaani esanse inapulizwa kwa presha. Pampu yake ni ya umeme, inakaa ndani ya tangi, na inatakiwa kusukuma esanse kwa presha ya bar 2.5 hadi 3 hivi. Aliyekupa pampu ya presha ndogo kwa enjini ya enjekta hajakuuzia kitu.

Nayasema haya mapema kwa sababu muuzaji aliyeniuzia pampu mpya aliyajua. Nilimwandikia kwenye karatasi: mwaka, enjini, na ile herufi E nikaizungushia duara. Akaingia ndani, akatoka na sanduku lenye nembo ya kampuni kubwa ya Kijapani, limefungwa kwa nailoni, zuri kabisa. Nikamwomba tulifungue, tuiguse pampu kwenye batri iliyokuwa palepale sakafuni. Akakataa. “Papa, pampu ikizunguka kavu inaungua. Kaifunge nyumbani, isipotembea utarudi.” Aliyasema mbele ya kijana wake wa dukani. Leo kijana huyo anasema hakusikia.

Na kabla sijatoa hata dola moja nilihakikisha pampu ya zamani imekufa kweli, maana najua jibu lao la kwanza: “shida yako haikuwa pampu.” Kwenye 22R-E ukifungua kontakti (swichi ya ufunguo) bila kuzungusha stata, pampu haingurumi hata ikiwa nzima. Rele yake, yaani swichi yake ya umeme, inasubiri stata, kisha inashikiliwa na kipimo cha hewa pale enjini inapoanza kuvuta. Sasa, ni mafundi wangapi hapa mjini wanaoweka sikio kwenye tangi, wanafungua kontakti, hawasikii kitu, wanatangaza pampu imekufa, na mteja anatumwa kununua nyingine? Watu wametupa pampu nzima kwa sababu ya rele au ya waya uliooza. Cha kufanya ni kufungua kile kisanduku kidogo cha vipimo chini ya boneti, kuunganisha kwa kipande cha waya tundu lenye alama +B na lenye alama FP, kisha kufungua kontakti. Hapo pampu nzima lazima izunguke. Yangu ilinyamaza. Nikapima kwenye plagi ya tangi: volti 12 zinafika, na waya wa masi, yaani wa hasi, uko safi. Imekufa, hakuna ubishi.

Iliuawa na nini? Na esanse ya bidoni (madumu) za barabarani, wala sina haja ya kutafuta mchawi. Maji ni mazito kuliko esanse, yanatulia chini ya tangi, na chujio la pampu linanyonya hukohuko chini. Ongeza kutu ya tangi la zaidi ya miaka 30.

Kazi niliifanya kwenye parsele yangu, uwanjani nyumbani. Kuna watakaosema ningepeleka garaji. Garaji ipi? Ile unayoacha gari asubuhi na jioni unaikuta na batri ya mtu mwingine? Watu wa mji huu wanatengeneza magari nyumbani kwa sababu wanataka kuona kinachotoka na kinachoingia. Na kazi ya tangi inafanyika kwa adabu. Nilitoa waya hasi wa batri kwanza. Mbabula, jiko letu la makaa, ikahamia kwa jirani, hakuna sigara, watoto nje ya lango. Esanse yote nikaimwaga kwenye bidoni zenye vifuniko, maana lita moja ina uzito wa karibu kilo 0.74, kwa hiyo tangi lenye lita 40 ni kilo 30 zinazokuangukia kifuani. Wengine wananyanyua karoseri ya nyuma, ile ya kubebea mizigo, badala ya kushusha tangi, na kama una vijana wa kutosha wa kubeba ni njia nzuri. Kwangu boluti za karoseri zimeshikwa na kutu kabisa, basi nikashusha tangi kwa kriki (jeki) na ubao. Mpira wa mdomo wa tangi ulikuwa umekauka, ukakatika, nikanunua mwingine. Tangi nikalisafisha mpaka maji yakatoka meupe, nikalianika likakauka. Chujio jipya, filta mpya. Hata kile kipande kifupi cha mpira kati ya pampu na bomba nilitafuta cha aina inayoweza kuzama ndani ya esanse, kwa sababu mpira wa kawaida ukizamishwa unavimba na kupasuka. Hakuna nilichoruka.

Gari ikawaka. Nilifurahi, nakiri, na mke wangu alinishangilia. Nikapakia mifuko ya unga wa mahindi ya wateja wangu wa Ruashi. Ikatembea vizuri bila haraka, lakini nilipokanyaga ili nipite lori, ikakosa nguvu, ikakohoa, ikazima katikati ya barabara. Ikapumzika, ikawaka, ikazima tena. Akina mama wale wanaishi kwa kupima unga kwa kopo kila siku. Siku hiyo hawakuuza kitu, na hasira zao zilinikuta mimi, hazikumkuta aliyeniuzia sanduku.

Nikaazima manometa, kipimo cha presha, kwa fundi mmoja ninayemheshimu, nikaifunga kwenye njia ya esanse. Bar 1.2. Nikaubana mpira wa kurudishia esanse kwenye tangi kwa sekunde moja tu. Pampu nzima ya enjekta ukiibana hivyo presha inaruka juu mara moja, hata kupita bar 5. Hii ilisogea kidogo, ikasimama. Maana yake regyuleta inayodhibiti presha haina kosa, filta haina kosa. Volti kwenye plagi ni zilezile 12 na zaidi huku pampu ikizunguka, kwa hiyo waya pia hauna kosa. Pampu yenyewe haina nguvu. Nikashusha tangi tena. Maandishi ya kampuni yaliyokuwa kwenye mwili wa pampu yalikuwa yamefutika, nikiyasugua kwa kidole yanabaki kwenye kidole. Pampu ya zamani, iliyolala ndani ya esanse miaka yote ile, namba zake zimegongwa kwenye chuma na bado zinasomeka.

Nikarudi dukani na pampu, sanduku, na picha za manometa. Kwanza: “Papa, piesi ya kuran (umeme) hairudi.” Nikamkumbusha alichoniahidi. Pili: “Umeiunguza mwenyewe nyumbani, wewe si fundi.” Nikamwuliza, iliyoungua inawezaje kuwasha gari na kutoa bar 1.2? Tatu, na hili ndilo lililonichoma: “22R ni 22R tu.” Alikuwa na karatasi yangu. Kwenye fakti (risiti) yake ameandika “pampu 1” na bei. Hakuna aina ya gari wala enjini. Fakti imeandikwa hivyo makusudi, ili usiwe na pa kushika.

Sipingani na kopi. Hapa wengi wetu hatuwezi kununua orijino kila mara, na kuna kopi zinazofanya kazi miaka. Niambie ni kopi, nitaamua mwenyewe na mfuko wangu. Kuivisha kopi sanduku la orijino na kuchukua bei ya orijino ni wizi, na nauita wizi bila woga. Mizigo hii inaingia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kilomita 90 hivi kutoka hapa, na kila mkono inaopitia unachukua chake. Mwisho wa mstari ni sisi.

Sasa kuhusu kile kisingizio cha kuzunguka kavu. Ni kweli pampu hizi hupoozwa na kulainishwa na esanse inayopita ndani yake. Ndiyo maana hakuna anayewaomba mzizungushe kavu. Wekeni nyuma ya duka, mahali pa wazi, beseni moja la mafuta ya taa, msitumie esanse. Zamisheni pampu, mpira wa kutokea urudi ndani ya beseni, manometa katikati, na mpira ubanwe mbele ya manometa, maana ukiwa wazi presha haipandi. Nyaya ziwe ndefu, na ziunganishwe mwisho upande wa batri, mbali na beseni, ili cheche isikutane na mvuke. Sekunde chache zinatosha. Mteja anaona mshale, analipa. Manometa mnaziuza wenyewe, batri mnazo. Atakayekataa kufanya hivi anajua vizuri kilichomo ndani ya sanduku lake.

Na msiniambie ni mambo ya dola 65 tu. Hiyo gari ingezima usiku kwenye barabara ya Likasi, na malori ya shaba yanakuja nyuma, leo ningekuwa siandiki. Magari ya abiria yanafungwa pampu hizihizi.

Ninachodai kwa muuzaji wangu, ambaye najua ana watu wanaosoma hapa: pesa zangu, au pampu ya bar 3 iliyopimwa mbele yangu. Nyingine sitaki. Pampu yake iko kwangu na sanduku lake, sijaichokonoa.

Na kwenu wengine: kama mnajua duka lolote Lubumbashi, iwe Kamalondo, Katuba au Kampemba, linalokubali kupima pampu ya enjekta kabla ya kulipwa na kuandika aina ya enjini kwenye fakti, wekeni hapa mtaa ulipo. Waliouziwa sanduku kama langu nao waweke picha ya pampu, upande wa maandishi, kabla na baada ya kuyasugua.