Binti yangu kauliza swali kuhusu kitabu cha picha, nimekosa jibu

MamaPendo, Busia (UG): Habari zenu. Binti yangu ana miaka 6, yuko P1, darasa la kwanza. Muhula huu kaletwa darasani kwao mtoto mwenye ualbino, na wangu hataki kukaa naye dawati moja, eti ataambukizwa rangi. Sikumchapa. Nikanunua kitabu cha picha: mnyama ana rangi ya ajabu, wenzake wanamcheka, siku ya mafuriko anawavusha wote, basi wanampenda. Tulipomaliza akaniuliza, "Mama, na yule wa shuleni ataokoa nani?" Ningemjibu nini?

BabuBombo: Kakizidi kitabu akili! Hadithi nyingi za namna hiyo ndivyo zilivyo, asiyefanana na wenzake hapokelewi mpaka atende muujiza. Mimi sijaokoa mtu tangu nizaliwe na kila msiba napewa kiti. Tafuta hadithi ambayo mtoto wa aina hiyo anachota maji, anagombana na dada yake, anaiba embe. Yumo tu.

Mwl_Arua: Dada, hofu ya kuambukizwa mjibu waziwazi, usiiachie picha. Ualbino hauambukizi; kwa kawaida ni urithi wa baba na mama wote wawili, hata kama wao ngozi zao ni nyeusi. Macho huona kwa shida, ndiyo maana mtoto hukaa mbele, na kofia ni ya jua, si maringo. Kuhusu vitabu, African Storybook wana hadithi za picha za bure mtandaoni, za Kiswahili na Kiganda zimo, na unaruhusiwa kubadilisha maneno na kuchapisha. Mimi hufunika maandishi kwa karatasi, watoto wasimulie picha wenyewe. Hapo ndipo unasikia walichoambiwa nyumbani.

Kadogo256: Vitabu, vitabu… Mwalikeni huyo mtoto Jumamosi mle rolex, chapati ya kuviringishwa na mayai.

MamaPendo: Asanteni. Mwalimu, hilo la "nyumbani" limenichoma. Jana nikafunika maandishi. Pendo akafika kwenye mafuriko akasema mnyama anawavusha kwa kuwa ni mrefu, rangi haihusiki. Kisha akaongeza, "Lakini bibi alisema inashika." Mama mkwe alikuwa hapo hapo anachambua maharage, kimya. Kadogo, Jumamosi mtoto anakuja. Sasa mama mkwe namwambiaje mimi?

BabuBombo: Wewe usimwambie kitu. Mpe Pendo kitabu, akamsomee bibi yake.