Mrejesho: Wanaoona kupitia ukuta kwenye gemu yangu

Wakuu, nimerudi. Niliuliza namna ya kuwadhibiti wachezaji wanaowaona wenzao nyuma ya ukuta kwenye gemu ya kurushiana risasi ninayoitengeneza. Asanteni sana kwa majibu.

Kosa lilikuwa langu. Seva, yaani kompyuta kuu inayoendesha mechi, ilikuwa inampelekea kila mchezaji taarifa za mahali walipo wote, kisha kompyuta yake ndiyo inaficha wasioonekana. Mdanganyifu alikuwa anasoma tu memori ya mashine yake mwenyewe! Sasa seva inakagua kwanza kama watu wanaweza kuonana. Taarifa za aliye nyuma ya ukuta hazitumwi kabisa. Mwanzoni maadui walichomoza ghafla kwenye kona, hasa kwa wenye intaneti nzito, ikabidi nitume taarifa zao mapema kidogo kabla hawajatokeza. Hapo pamebaki mwanya mdogo wa kudanganya, nimeukubali.

Mwendo wa wachezaji na madhara ya risasi navyo vinahesabiwa na seva, si kompyuta ya mchezaji.

Programu za udanganyifu zinazomlengea mchezaji adui zenyewe bado zinanitesa, maana zinatumia taarifa ambazo mchezaji anastahili kuwa nazo. Kwa hizo naangalia upya mechi zilizorekodiwa, na simfungii mtu papo hapo, asije akajua kilichomkamatisha.